Mnara wa Maji wa Reno: Mhadhara juu ya Kilima, Shamba na Watu Wake



Kilima cha Reno, kilichoko Tenleytown upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa Washington, ndipo mahali palipo juu kupita pote katika Wilaya ya Columbia, maana kilele chake kimeinuka zaidi ya futi 400 juu ya usawa wa bahari. Na aghalabu ya ndugu zetu wa Afrika ya Mashariki wanaokaa Bethesda, Silver Spring na mitaa ya jirani, wapitapo barabara ya Wisconsin kwenda kazini au kurudi, huiona minara iliyosimama juu yake wakaidhania kuwa ni mabaki ya husuni ya kale. Mmoja ni wa matofali mekundu, na mwingine, uliojengwa mwaka 1929, ni wa mawe, nao umefanyizwa kwa mfano wa ngome za Wanormani wa zama za kati. Kazi ya majengo hayo haihusiani na vita hata kidogo, kwani yamewekwa pale kwa ajili ya maji. Na tarikh yao, pamoja na tarikh ya ardhi iliyoyabeba, ndiyo maudhui ya mhadhara wa leo.

Nina kauli moja tu ya kuithibitisha mbele yenu. Kilima hiki kilikuwa shamba la ukoo mmoja, kisha kikawa boma la askari, kisha mtaa wa watu waliotoka utumwani, kisha makao ya hodhi la maji. Na kila aliyekitwaa baada ya mwenye shamba alikitwaa kwa sababu ya kimo chake, isipokuwa wale mahuru, ambao walikitaka kwa sababu walipata pa kujenga nyumba. Haja ya maji ilikuwa haja ya kweli, wala hakuna mwenye akili atakayeikana. Lakini haja hiyo ya kweli ilitaka sehemu tu ya kilima, na ilipokwisha kufungua mlango wa kutwaa ardhi kwa jina la manufaa ya umma, wakapita mlangoni humo watu wenye haja nyingine kabisa.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini maji hupandishwa mnarani, maana pasipo kuyafahamu hayo hatutajua kwa nini kilima kile kilitamaniwa. Maji yaliyo juu hushuka kwa uzito wake yenyewe, na uzito huo ndio unaoyasukuma ndani ya mabomba hata yakapanda ghorofani bila mtu kuyavuta. Kila futi 100 za kimo huzaa shinikizo la ratili 43 hivi katika kila inchi ya mraba. Watu wa mjini huyahitaji maji kwa wingi asubuhi, waogapo na kupika, na jioni warudipo, na usiku matumizi hupungua sana. Basi pampu hufanya kazi yake taratibu usiku na mchana, zikilijaza hodhi wakati wa uchache na kuliacha litoe wakati wa wingi. Na ukizuka moto, akiba iliyo juu hushuka saa ile ile, hata kama mtambo wa pampu umeharibika. Kwa hiyo mhandisi atafutaye mahali pa hodhi hutafuta kwanza kilima, na asipopata kilima hujenga mnara. Reno walikipata kilima, na juu ya kilima wakaongeza mnara, ili nyumba zilizo karibu na kilele chenyewe nazo zipate shinikizo la kutosha.

Mji wa Washington ulichelewa kuyapata maji ya bomba. Kwa muda wa miaka 50 na zaidi tangu uwe makao makuu ya Marekani, wakazi wake walitegemea visima na chemchemi, na tarehe 24 Desemba 1851 moto ulipoishika Maktaba ya Bunge, iliyokuwa ndani ya jengo la Bunge lenyewe, ukateketeza vitabu 35,000 katika jumla ya 55,000, ndipo wakubwa wakatambua kwamba mji usio na maji ya kutosha hauwezi kujilinda. Kazi ya kutafuta maji akapewa Montgomery Meigs, mhandisi wa jeshi, naye akapendekeza mfereji uanzie Great Falls, penye maporomoko ya mto Potomac, ushuke kwa mteremko mdogo hadi mjini bila ya msaada wa pampu. Rais Franklin Pierce alihudhuria sherehe ya kuanza kuchimba mwezi wa Novemba 1853. Maji ya kwanza, yaliyotoka katika kijito cha jirani, yakafika mwaka 1859, na yale ya Potomac yenyewe yakafika mwishoni mwa mwaka 1863, katikati ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe.

Katika njia ya mfereji huo liko daraja la Cabin John, tao moja la mawe lenye upana wa futi 220, ambalo kwa muda wa miaka 40 hivi halikuwa na tao la mawe la kulishinda duniani. Ubavuni mwake pana jiwe lililochorwa majina ya waliokuwa na madaraka kazi ilipoanza, na miongoni mwao alikuwamo Jefferson Davis, aliyekuwa Waziri wa Vita. Davis alipoasi akawa rais wa majimbo ya Kusini yaliyopigania kudumisha utumwa, jina lake lilifutwa kwa patasi mwaka 1862, pakabaki nafasi tupu juu ya jiwe. Na mwaka 1909, kwa amri iliyotoka kwa Rais Theodore Roosevelt, likachorwa upya mahali pale pale. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu laonyesha kwamba kazi za maji, ambazo hudhaniwa kuwa ni mambo ya mabomba na vipimo tu, huandikwa na kufutwa majina ya watu kama vile kazi nyingine zote za dola. Na huko mbele tutaona ni majina ya akina nani yaliyochelewa kurudishwa.

Mfereji wa Meigs ulikuwa na kasoro moja isiyoepukika. Mlango wake wa Great Falls uko kimo cha futi 150 hivi, na maji, kwa tabia yake, hayapandi kupita chanzo chake. Basi mitaa ya bondeni ikaneemeka, na vilima vikabaki vikavu. Maadamu vilima hivyo vilikuwa mashamba na misitu, kasoro hiyo haikumdhuru mtu. Ilipokuja siku ya matajiri kutaka kujenga majumba katika hewa safi ya juu, mbali na joto na homa za bondeni, ndipo ikawa lazima maji yasukumwe kwa mitambo hadi kilele cha Tenleytown, futi 250 juu ya chanzo chake. Lakini siku hiyo ilipofika, kilima kilikuwa kimekwisha kuwa na wenyewe.

Wenyewe wa kwanza wa kukumbukwa katika habari hizi walikuwa ukoo wa Dyer, waliokuwa na shamba na nyumba juu ya kilima, katika wilaya ambayo utumwa ulikuwa halali hata tarehe 16 Aprili 1862. Vita vilipozuka mwaka 1861, vikosi kutoka Pennsylvania vilipiga kambi pale, vikaikata miti, vikachimba mahandaki na kujenga boma lililoitwa kwanza Fort Pennsylvania. Mwaka 1863 lilibadilishwa jina likaitwa Fort Reno, kwa kumbukumbu ya Jenerali Jesse Reno aliyeuawa katika mapigano ya South Mountain mwezi wa Septemba 1862. Katika maboma 68 yaliyouzunguka mji vita vilipokwisha, hili lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa, na sababu yake ni ile ile ya kimo: askari wa ishara waliokaa juu waliweza kuona mbali hadi upande wa Rockville. Mwezi wa Julai 1864, Jenerali Jubal Early wa Kusini alipoleta jeshi lake karibu na mji mkuu, wao ndio walioliona vumbi la majeshi yake; naye alipoiona njia ya Tenleytown kuwa ngumu akageukia upande wa mashariki, akapigana Fort Stevens, wala hakuingia mjini.

Nyuma ya maboma hayo wakaja watu waliotoroka utumwani Virginia na Maryland, wakitafuta amani chini ya bendera ya serikali. Vita vilipokwisha na askari wakaondoka, mwaka 1869 wafanyabiashara wawili, Newall Onion na Alexander Butts, walilinunua shamba la Dyer, wakalikata viwanja vidogo, wakaviuza kwa bei ambayo fundi, kibarua na dobi waliimudu. Hivi ndivyo ulivyozaliwa mtaa wa Reno. Walikaa humo weusi na weupe pia, lakini wengi walikuwa mahuru na watoto wao, nao walijenga nyumba za mbao, wakalima bustani, wakaanzisha makanisa na maduka, na kwa miaka 60 hivi wakazikana na kuozana pale pale. Katika nchi ambayo mtu mweusi, jana tu, alikuwa mali ya mwingine, hati ya kiwanja yenye jina lake mwenyewe ilikuwa na thamani isiyopimika kwa dola.

Mnamo mwaka 1890 tramu ilifika Tenleytown, na mwaka huo huo Francis Newlands, wa jimbo la Nevada, aliyekuja kuwa mbunge na baadaye Seneta, akaunda kampuni ya ardhi ya Chevy Chase, iliyonunua mashamba mapana kaskazini ya hapo ili ijenge mtaa wa wenye nacho, wenye nyumba za bei kubwa na hewa nzuri. Dhamira ya Newlands kuhusu watu weusi haikufichwa: mwaka 1912 alitaka hadharani kwamba Marekebisho ya Kumi na Tano ya Katiba, yanayolinda haki yao ya kupiga kura, yafutwe. Mtaa wa Reno ukajikuta umeingia katikati, kati ya mji uliokuwa ukipanuka na vitongoji vipya vya matajiri, ukiwa juu ya kilima ambacho kila mtu alikitazama.

Hapo ndipo maji yalipoingia. Mwishoni mwa miaka ya 1890 serikali ilianza kutwaa viwanja juu ya kilele kwa ajili ya hodhi, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini ukasimamishwa mnara wa matofali, ukijazwa na pampu za kituo cha barabara ya Bryant, jirani na hodhi la McMillan. Huko McMillan, kuanzia mwaka 1905, maji ya Potomac yaliyokuwa yakifika yamechafuka kwa tope yalipitishwa polepole katika matandiko ya mchanga chini ya ardhi, nao mchanga ukazuia vijidudu vya homa ya matumbo vilivyokuwa vikiua wakazi wengi. Kazi hizo zilikuwa njema bila ya shaka. Maji safi yalifika vilimani, vifo vya watoto vikapungua, na waliofaidika walikuwa weupe na weusi pia. Na lau kama habari ingekomea hapo, mhadhara huu ungekuwa wa kusifu tu.

Habari haikukomea hapo. Hodhi lilikuwa limekwisha kutwaa sehemu yake ya kilele. Lakini vyama vya wakazi weupe wa mitaa ya jirani vilidai kwamba mtaa uliobaki nao uondolewe, na hoja zikapatikana: kwamba maboma ya zamani yanafaa kuunganishwa kwa barabara ya kupendeza, kwamba mji wahitaji bustani, kwamba watoto wahitaji shule. Tume ya kupanga bustani za mji mkuu, iliyoundwa mwaka 1924 na kupewa madaraka zaidi mwaka 1926, ikatwaa kiwanja baada ya kiwanja katika miaka ya 1920 na 1930, vingine kwa kununua na vingine kwa amri ya mahakama. Fidia ililipwa, ila fidia ya nyumba ndogo katika mtaa wa watu weusi haikutosha kununua nyumba popote karibu, kwa kuwa hati za mitaa mipya zilikataza kuwauzia weusi. Barabara ile ya kuunganisha maboma haikukamilishwa kamwe kama ilivyokusudiwa.

Tazameni shule, kwa maana hapo dhuluma yaonekana kwa macho. Mwaka 1903 ilijengwa pale shule ya Jesse Reno, jengo dogo la matofali lenye madirisha makubwa, kwa ajili ya watoto weusi wa mtaa ule. Mwaka 1931 ikafunguliwa kilimani hapo shule ya Alice Deal, na mwaka 1935, jirani yake, sekondari ya Woodrow Wilson. Zote mbili zilikuwa za watoto weupe peke yao, na ziliendelea kuwa hivyo hata mwaka 1954 Mahakama Kuu ilipouharamisha ubaguzi katika shule za Washington. Kwa hiyo mtoto wa Reno aliyeiona nyumba ya babake ikibomolewa ili pawe na shule na bustani hakuruhusiwa kusoma katika shule hizo. Wazee wake walipokwisha kutawanywa, shule ya Jesse Reno ilikosa wanafunzi, ikafungwa mwaka 1950. Jengo likatumiwa kwa kazi nyingine, likakaa tupu kwa miaka, hata mwaka 2014 lilipotengenezwa upya na kuunganishwa na shule ile ile ya Alice Deal. Na mwaka 2022 jina la Woodrow Wilson liliondolewa katika sekondari, ikaitwa Jackson-Reed, kwa heshima ya Edna Jackson, mwalimu mweusi wa kwanza pale, na Vincent Reed, mwalimu mkuu mweusi wa kwanza. Jefferson Davis alirudishiwa jina lake juu ya jiwe baada ya miaka 47. Watu wa Reno walingoja zaidi.

Pengine msikilizaji mwenye insafu atauliza kama mambo hayo hayampati kila mwenye ardhi mji ukuapo. Jibu liko barabara ile ile ya Wisconsin, kusini ya Tenleytown, palipokuwa na shamba liitwalo Friendship, makao ya fahari ya ukoo wa McLean, waliopata kuwa wenye gazeti la Washington Post, ambako Evalyn Walsh McLean alikuwa akiwakaribisha wakubwa huku amevaa almasi mashuhuri iitwayo Hope. Shamba hilo nalo lilichukuliwa na serikali mwaka 1942 ili wajengewe nyumba wafanyakazi wa wakati wa vita. Lakini aliyeuza shamba lile alikuwa na uhuru wa kwenda popote apendapo, na mtaa uliojengwa juu yake hadi leo unaitwa McLean Gardens, kwa jina la mwenyewe. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na katika mji huu aliyepisha alikuwa ni yule ambaye hati nyingine zilikwisha kumfungia njia.

Sura moja bado haijatajwa, nayo yakamilisha hoja yetu ya kimo. Katika miaka ya mwanzo ya 1960, Marekani na Urusi zilipokuwa zikitishana kwa mabomu ya nyuklia, palijengwa kilimani mnara mwingine wenye umbo la mnara wa maji, ambao ndani yake hamkuwa na maji bali mitambo ya mawasiliano, ili ikiwa mji utashambuliwa, Rais aweze kuunganishwa na maficho ya serikali milimani huko Maryland, Pennsylvania na Virginia ya Magharibi. Jina lake la siri lilikuwa Cartwheel. Wajenzi walijua tabia ya macho ya watu, kwamba hakuna aulizaye mnara wa maji una nini ndani. Na ndivyo ilivyokuwa kwa mnara wa kweli: watu walioyanywa maji yake hawakuulizana ulisimama juu ya kiwanja cha nani. Kuanzia mwaka 1968 vijana wa mji hukusanyika chini ya kilima wakati wa kiangazi kusikiliza muziki bila ya kiingilio, na bustani ni nzuri kwa kila aendaye. Uzuri wake wa leo haupungui kwa kuijua asili yake.

Nasi tusidhani kuwa habari hizi ni za Wamarekani peke yao. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, aliyaleta mjini maji ya chemchemi za Chemchem kwa mifereji, na watu wa mji wakamwombea dua, kwa kuwa maji safi yalikuwa rehema kwa tajiri na maskini. Karibu na siku zetu, bwawa la Ndakaini katika Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, ndilo linaloupa mji wa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Na penye bwawa hilo palikuwa na mashamba na maboma ya watu, ambao walihama. Mkazi wa Nairobi afunguaye bomba asubuhi ana deni kwao, ajue asijue, sawasawa na mkazi wa Chevy Chase alivyo na deni kwa watu wa Reno.

Natija ya maneno haya ni nini basi? Sisemi kuwa mahodhi yasijengwe, wala sisemi kuwa kila anayehamishwa amedhulumiwa. Nasema kwamba mradi wa umma una hesabu mbili, na ni makosa kuzichanganya: hesabu ya kinachohitajika kweli, ambayo mhandisi aweza kuipima kwa futi na ratili, na hesabu ya kinachotakwa na wenye sauti, ambayo hujificha nyuma ya ile ya kwanza. Reno, maji yalihitaji kilele. Mtaa wote uliondolewa kwa matakwa ya majirani. Basi popote tukaapo, iwe Maryland au Murang'a, serikali itangazapo kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, raia wana haki ya kuuliza maswali manne kabla hawajapiga makofi: kipande gani hasa cha ardhi kazi hiyo yakihitaji, nani atakayeondoka, na je, fidia yake itampatia nyumba mahali atakaporuhusiwa kukaa, na watoto wake watakuwa na fungu gani katika neema itakayojengwa juu ya kiwanja cha wazee wao. Maswali hayo yangaliulizwa kwa nguvu Tenleytown miaka 100 iliyopita, mnara ungalisimama vile vile, na maji yangalipanda vile vile, na chini yake pangalikuwa na watu wa Reno mpaka leo.